Kicheko Kilichochekechwa

Nakutegea, wewe unayenisikiliza, na usikimbilie kusema umeshindwa. Kuna chekeche nyumbani kwa wakubwa. Unga linaumwaga chini, pumba linazitunza, na wenye nyumba wawili wanashikana mashati wakigombea pumba. Ni nini hicho?

Fikiri. Mimi nina nafasi, nimekaa.

Huna jibu? Basi nipe mji. Usinipe Arusha, Arusha nimetoka juzi, na hasira zake bado ziko hapa kifuani kama kiungulia. Nipe Same. Haya, nimekwenda Same, nimekula makande yangu, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni mashine ya Seneti ya Shirikisho, ile wanayopimia majaji. Jina lake kweli ni Chekeche. Sikulitunga mimi, wamelitunga wenyewe, wasomi, bila hata haya.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

*

Jumatatu asubuhi nilikuwa nachambua maharage pale uani, gari la Seneti likaja lenyewe, halina dereva, likasimama mbele ya ndiva yetu. Ndiva ni bwawa letu la kijiji, walilichimba babu zetu kwa majembe, maji yake yakagawanywa kwa zamu tangu enzi hizo. Siku hizi lina nyufa unazoweza kuingiza mkono mpaka kiwiko. Theluji ya mlimani ilikwisha mimi nikiwa msichana. Kilichobaki ni ukungu, na ukungu nao wenye kampuni wamesimamisha nyavu zao huko juu, nyavu ndefu za kijivu kutoka korongo mpaka korongo, wanaukamua mpaka tone la mwisho. Kwetu chini linafika wingu kavu, limekamuliwa kama kitambaa cha kuchujia tui.

Tumeshtaki. Miaka mitatu kesi iko Mahakama Kuu ya Shirikisho haisogei. Majaji wanatakiwa tisa, wapo wanane, wanne wa Chama cha Mizizi na wanne wa Chama cha Upeo. Kiti cha tisa kila chama kinakizuia kwa mwenzake. Sisi tunakunywa maji ya lori.

Akashuka Seneta Mgonja, mtoto wa hapa hapa kijijini kwetu Ngurunga, mtu wa Mizizi. Nimemfuta kamasi huyu.

"Shikamoo, Bibi Naelijwa."

"Marahaba. Umekonda. Seneti hawapiki?"

Hakucheka. Alikuwa na haraka. Akatoa kidude mfukoni, akakiweka juu ya kinu changu. "Bibi, sikiliza hii. Umeitambua sauti?"

Sauti ya mwanamke ikatoka, kavu, imenyooka kama rula:

"Wapare nyie. Siku nikiwa jaji, hakuna Mpare atakayeshinda kesi kwangu. Hata akija amekatwa kichwa, nitaandika kichwa kilijitoa chenyewe. Maji mtakunywa machozi yenu."

Nikaitambua. Nikauweka ungo kando.

"Huyo ni Aikande," nikasema. "Aikande Lyatuu. Alisema hayo hapa, kwenye msiba wa mume wangu."

"Alisema!" Mgonja akapiga paja. "Umesikia, Bi Nanzia? Amethibitisha!" Jirani yangu Nanzia alikuwa kwenye foleni ya lori na ndoo zake mbili, lakini masikio alikuwa ameyaacha uani kwangu. "Upeo wamemteua huyo kuwa jaji wa tisa. Chekeche limeyaokota maneno hayo kutoka kwenye sikio la nyumba yako."

Sikio ni kile kidude cheupe cha ukutani. Unakiambia washa taa, kinawasha. Kumbe hakisahau. Miaka kumi na moja kimeyakalia maneno ya msiba wangu.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Kicheko kiko wapi?"

"Kicheko gani?"

"Watu walikuwa wanacheka, wewe! Yule ni Mchaga, mimi Mpare, ni mtani wangu. Alikuja na mikungu ya ndizi na shangazi yake aliyeolewa hapa. Akalala chali kwenye mkeka pembeni ya kaburi, akasema hazikwi mtu mpaka apewe jogoo. Akasema mume wangu hakufa, amekwenda kumshtaki Mungu kwa kuchelewesha mvua, maana Mpare hawezi kukaa wiki bila kesi. Mimi nilikuwa sijala siku tatu, sijatoa hata chozi. Nilicheka mpaka kanga ikanivuka. Nikamwambia, na wewe Mchaga, umekuja kuzika au kukagua misumari ya jeneza uondoke nayo? Baadaye ndiye aliyeosha masufuria yote, peke yake."

Mgonja akatazama chini. Alijua. Mpare gani asiyejua utani wa msibani?

"Bibi," akasema polepole, "kesho unaitwa Seneti kama shahidi. Utaulizwa kama maneno yale yalikuwa chuki. Ukisema chuki, sheria inamfungia huyo mama, moja kwa moja. Zamu ya kuteua inarudi kwetu. Tuna mteule wetu, kivuli chake kilichotengenezwa na Chekeche kimeshaamua kesi ya ukungu mara elfu kumi, na mara elfu kumi zote maji yanashuka chini. Neno moja tu."

"Kwa hiyo nidanganye."

"Useme uliumia. Mjane gani asiyeumia?"

Bi Nanzia akatoka kwenye foleni. Foleni anayotoka mtu ujue jambo lake ni zito, maana nafasi hairudi. Akaja mpaka kwenye ungo wangu, akaziweka ndoo chini, zikalia kwa utupu.

"Sema uliumia, mwenzangu," akaniambia. "Wajukuu zangu wamehama. Yuko nani tena hapa wa kumchekesha?"

Nilichambua yale maharage mpaka mazuri nikayatupa.

*

Arusha wanaishi vizuri. Chooni Seneti nilifungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu mpaka yakanirukia kifuani. Nikalifunga, nikalifungua tena, nione kama kweli. Hasira iliyonipanda pale, heri ningetukanwa.

Mlangoni alikuwa ananingoja mtu mrefu wa suti ya kijani, akajitambulisha kuwa Seneta Tumwebaze wa Upeo. Akaniinamia kwa heshima nyingi mno.

"Mama mzazi, pole na safari. Najua wale wa Mizizi wamekufundisha useme chuki. Usikubali kutumika."

Moyo ukaniinuka kidogo. "Mwanangu, wewe unajua kwamba yale yalikuwa utani?"

Akatabasamu kama daktari wa meno. "Neno utani usilitaje, mama. Litatuvuruga. Maseneta wetu sita wanampigia kura Lyatuu kwa sababu kivuli chake hakiyumbi. Sema ni msimamo. Mwanamke mwenye msimamo, alisema wazi mbele ya kaburi, na wewe ulimheshimu kwa hilo."

"Kwamba ataninyima maji, na mimi nikamheshimu?"

"Msimamo," akarudia. "Neno zuri tu."

Nikampita. Unaona sasa? Mmoja anataka nimchome yule mama, mwingine anataka nimpake mafuta, na wote wawili wanaogopa kitu kimoja: kwamba tulikuwa tunacheka.

Nikamkuta Aikande kwenye chumba cha wateule, peke yake, amekaa wima. Nywele zimeanza mvi. Shingoni wamemvisha ukanda mwembamba wa chuma, una taa ndogo ya kijani. Huo ndio utaratibu wao. Zamani, nasikia, mteule aliulizwa maswali akajibu kwa mdomo wake. Vyama vikasema wateule wanadanganya, na kweli walikuwa wanadanganya. Basi badala ya kutafuta wasiodanganya, wakatunga sheria mteule asiseme kabisa. Chekeche linakusanya kila neno alilowahi kutamka tangu utotoni, linamtengenezea kivuli chenye sauti yake, na kivuli ndicho kinachoulizwa. Mteule akitamka lolote kuhusu kesi, au akiuvua ukanda, uteuzi wake umekufa papo hapo. Salamu anaruhusiwa.

"Shikamoo, mtani," akasema. Taa ikabaki kijani.

"Marahaba, Mchaga. Naona leo wamekufunga kamba ya mbuzi. Umeiba ya nani?"

Midomo ikamcheza. "Nimeazima kwa Mpare. Anataka kunishtaki."

Tukacheka, mimi na yeye, kicheko kifupi cha watu walio hospitali. Kisha sikucheka tena. Nilikaa mbele yake, magoti kwa magoti, nikamuuliza lile ambalo sikuwa nimelala kwa ajili yake.

"Aikande. Achana na wale wa nje. Nikisema kweli huko ndani, huenda nakupa kiti. Ndiva yangu imekauka. Niambie mimi, mtani wako: kesi ya ukungu ikija mbele yako, nani atashinda?"

Akafungua mdomo. Taa ya shingoni ikageuka njano. Akaufunga.

"Siwezi hata kuuliza?" nikamwambia.

Akaugusa ule ukanda kwa vidole viwili, akaniangalia. Sikujua kama ameshindwa kusema kwa sababu ya chuma, au kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa baya na chuma kimemsaidia. Nikatoka nimekasirika. Naye nilimkasirikia, usidhani.

*

Ukumbi wa Seneti ni wa duara. Mizizi kushoto na skafu zao za kahawia, Upeo kulia na suti za kijani. Katikati kuna kiti cha mteule, kiti cha shahidi, na meza ya fundi wa Chekeche, binti mmoja mwembamba aitwaye Hawiya, macho mekundu kwa kukesha na mashine yake.

Mwenyekiti akagonga. "Kivuli cha mteule. Kesi ya wananchi wa tambarare dhidi ya wavuna ukungu. Nani atashinda?"

Sauti ya Aikande ikatoka darini, na Aikande mwenyewe amekaa chini yake kimya.

"Wavuna ukungu watashinda. Hakuna Mpare atakayeshinda kesi kwangu."

Upeo wakapiga meza kwa furaha. Mizizi wakapiga kelele, "Mwenye chuki! Mfungieni!" Mgonja alikuwa amesimama juu ya kiti, mtu niliyemfuta kamasi, anarusha karatasi.

Wakaniapisha. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole, "Bibi, maneno haya yalisemwa mbele yako, kwenye maziko ya marehemu mumeo. Chekeche linapokea moja kati ya majibu mawili. Uliyachukulia kuwa chuki, au kuwa msimamo?"

Nikamwona Mgonja ananitikisia kichwa. Nikaziona zile ndoo mbili za Nanzia, zimekaa pale pale mbele ya macho yangu. Nakuambia ukweli wangu wote: neno chuki lilifika hapa, kwenye meno. Silabi mbili. Maji yangeshuka. Nani angenilaumu? Aikande angerudi kwenye uwakili wake, angekula, angelala. Mume wangu hasikii tena.

Lakini hasira ikanijia kutoka upande ambao sikuutegemea.

"Kabla sijajibu," nikasema, "nataka kumuuliza huyu binti fundi. Mwanangu, kicheko changu mmekipeleka wapi?"

Hawiya akastuka. Akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akamkubalia.

"Bibi, Chekeche... linaondoa makelele kwanza. Magari, mbwa, vikohozi." Akashusha sauti. "Na vicheko. Vicheko vinahesabiwa makelele."

"Makelele."

"Ndiyo, Bibi."

"Na mbona maneno ya siku moja yameshinda ya maisha yake yote? Huyu hakuwahi kusema jingine?"

"Ya msibani yanapewa uzito mara arobaini. Waliolitengeneza walisema watu hawadanganyi mbele ya maiti."

Msikilizaji wangu, nikasimama. Walinzi wakasogea, nikawaambia kaeni, nina miaka sabini na nane, nitawakimbilia wapi?

"Nani aliwaambia hayo?" nikauliza ukumbi mzima. "Nyie mlizaliwa wapi? Hakuna mtu humu aliyezikiwa baba na watani? Msibani ndiko mtani anakodanganya kuliko kokote! Ndiyo kazi yake! Anasema uongo mkubwa kuliko kifo, ili mfiwa apate pa kuegemea. Siku ile nilikuwa nimekauka kama ndiva yangu. Huyu alinichekesha, na kicheko kile kilikuwa cha mwisho nyumbani mwangu mume wangu akiwa bado juu ya ardhi. Cha mwisho! Nyie mmekichukua mmekitupa pamoja na mbwa na vikohozi, mkabakiza matusi, mkayapigia kampeni!"

"Bibi, chuki au msimamo?" mwenyekiti akaniomba.

"Utani."

"Halipo kwenye orodha."

"Basi liandikeni! Mimi ni darasa la saba, nitawatajia herufi."

Kuna mtu alicheka nyuma, mmoja tu, akajiziba. Mgonja alinitazama kama nimemwaga maji ya kijiji kizima. Labda nilikuwa nimeyamwaga.

Nikamgeukia Hawiya. "Unaweza kukirudisha?"

"Kipo kwenye taka zake, Bibi. Havifutwi." Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kutembea juu ya meza. Tumwebaze akaruka. "Mwenyekiti, pingamizi! Kivuli kimeshapimwa!" Na Mgonja, kwa mara ya kwanza tangu Seneti hiyo ijengwe, akasimama upande mmoja naye. "Naunga mkono! Kisiguswe!"

Walichelewa. Darini kikatoka kicheko. Kwanza cha wanawake, kisha cha wachimba kaburi, kisha changu, nakijua, kinaanza kama kikohozi. Na chini yake sauti ya Aikande inasema maneno yale yale, hakuna Mpare atakayeshinda, na kila neno linapokelewa kwa vigelegele. Halafu mimi nikasikika nikisema habari ya misumari ya jeneza. Maseneta wengine walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Hawiya akashusha ule uzito wa mara arobaini. "Kivuli kiko tayari," akasema.

Mwenyekiti akauliza upya. "Kesi ya wananchi wa tambarare dhidi ya wavuna ukungu. Nani atashinda?"

Tukangoja. Ukutani taa nyekundu na ya kijani zikakimbizana, zikakimbizana, kisha zote zikazimika, pakabaki neno moja la njano: HAIJULIKANI.

Hapo ndipo nilipowajua. Wasingekuwa na kelele hivyo hata angetangazwa mchawi. "Haijulikani!" Upeo wanapiga meza. "Tumeletewa mtu asiyejulikana!" Mizizi nao, "Kiti cha tisa apewe mtu wa kubahatisha? Kesi ya maji ya watu?" Tumwebaze na Mgonja walikuwa wamefika mbele, bega kwa bega, skafu ya kahawia na suti ya kijani, wanamnyooshea Aikande vidole usoni.

"Sema mwenyewe!" Tumwebaze akapaza sauti. "Uko upande gani?"

"Nani atashinda?" Mgonja akadakia. "Tuna haki ya kujua kabla ya kura!"

Wao walioitunga sheria ya kumnyamazisha! Nikaingia katikati yao kwa mkongojo.

"Rudini nyuma. Swali hilo ni langu, nimelitangulia. Nyie mnauliza ili mjue wa kumtumia. Mimi nauliza kwa sababu nina kiu." Nikamgeukia. "Aikande. Nimetupa maji ya kijiji changu leo kwa ajili ya kweli yako. Nikirudi, Nanzia ataniuliza nimemletea nini. Nina haki ya jibu, na sitaki la kivuli. Kesi yetu ikija mbele yako, nani atashinda?"

Hawiya alikuwa wa kwanza kuona mikono yake ilikokwenda. "Mheshimiwa, usivue!" akapiga kelele. "Ukivua, ndiyo mwisho!"

Aikande akaufungua ukanda kisogoni, taratibu, kama mtu anayevua mkufu arudipo kutoka harusini. Taa ikawa nyekundu. Akauweka mapajani. Shingoni palikuwa na alama, ngozi imechubuka. Akajisugua pale, akanitazama mimi peke yangu, akasema kwa sauti yake mwenyewe, yenye pumzi:

"Sijui, Bibi. Bado sijawasikiliza."